Asubuhi Zisizo na Moshi

Asubuhi ya kwanza nikiwa peke yangu nilikaa kwenye kiti changu barazani nikangoja chakula. Kwa miaka kumi na moja ya ndoa nilikuwa nimeamka, nikanawa uso, nikaketi pale, na baada ya muda mke wangu akatoka jikoni na sahani ya muhogo na maharage, mawese kidogo juu yake, na kikombe cha chai ya mchaichai. Mwili ulikuwa umezoea. Jua lilipanda mpaka likanifika miguuni, ndipo nikakumbuka kwamba jikoni hamna mtu.

Mke wangu na watoto walikuwa wameondoka jana yake kulipopambazuka. Vita ya pili ya nchi yetu ilikuwa imefika Baraka, mji wetu wa ufukoni, na watu walikuwa wakivuka ziwa kwenda Tanzania. Boti tuliyoipata ilijaa kabla hatujapanda wote. Mwenye boti akapaza sauti: wanaume washuke, wanawake na watoto kwanza. Mimi nilikuwa bado nimesimama majini, maji yakinifika magotini, nimembeba binti yetu mdogo ambaye alikuwa hajatimiza mwaka. Nikampa mama yake. Wavulana wetu wawili walikuwa wamekwisha kukaa juu ya mizigo.

“Nitafuata na boti ya kesho,” nikamwambia mke wangu.

Boti ya kesho ilikuja. Mimi sikwenda. Niliwaambia majirani kwamba nalinda nyumba na madaftari ya shule, kwa maana nilikuwa mwalimu wa darasa la nne. Ukweli ni kwamba niliogopa maji. Nilipokuwa kijana niliona boti ikipinduka karibu na Kazimia, na mjomba wangu alikuwa ndani yake. Tangu siku ile sikuwahi kuingia ziwani kupita magoti. Nilijiambia nitapata moyo juma lijalo. Kisha jeshi likafunga ufuko, na juma lijalo likawa miaka saba.

Nilijua kufundisha hesabu za desimali, lakini sikujua kuwasha moto. Kwetu mwanaume hapiki akiwa na mke. Siku ile ya kwanza nilichukua kuni nilizozikuta nyuma ya nyumba, mbichi na nene kama paja, nikazipanga katikati ya mafiga matatu, nikapuliza mpaka macho yakavimba. Moshi ulipanda mweupe juu ya paa la jiko na kusimama hewani kama mtu.

Upande wa pili wa uzio wa matete aliishi mama mmoja mzee, mjane. Mtaa mzima tulimwita Koko, jina la heshima tunalomwita bibi. Mpaka siku ile nilikuwa nimesalimiana naye tu.

“Mwalimu!” akaita kutoka kwake. “Iyo moshi unaita banani?”

“Siite mutu, Koko. Napika.”

“Haupike. Unabapigia basoda kengele.”

Sikumwelewa, au sikutaka kumwelewa. Siku ya tatu basoda wenyewe wakaja, askari wawili wenye bunduki. Hawakupiga hodi. Mmoja akaketi kwenye kiti changu, mwenzake akaingia jikoni, akafunua sufuria kubwa ya mke wangu, akaonja punje moja na kuitema. Maharage yalikuwa bado mawe. Sikujua kwamba yanalowekwa. Wakacheka sana. Kisha wakapitisha fimbo kwenye masikio ya sufuria, wakaiweka mabegani, wakaondoka nayo na maharage yangu ndani. Yule aliyekuwa kwenye kiti aligeuka langoni akaniambia, “Aksanti, mama.”

Hawakunipiga. Watu wengi mtaani walitendewa mabaya zaidi, na nilijua kwamba sina haki ya kulalamika. Lakini lile neno lilikaa kifuani mwangu siku nyingi, na hapakuwa na mtu nyumbani wa kumwambia.

Baada ya hapo nikaanza kupikia ndani, chumbani, madirisha yamefungwa. Nilikohoa kama mzee mgonjwa wa kifua. Kisha mvua zikaanza na kuni kavu zikaisha. Milimani, ambako wanawake walizoea kwenda kuokota, palikuwa na watu wa silaha wa kila upande. Mwanamke mmoja wa mtaa wetu alipanda na kamba yake ya kufungia kuni, na kamba tu ndiyo iliyoonekana tena. Miti ya karibu, kuanzia ya kanisani mpaka ya barabarani, ilikuwa imekatwa na kubaki visiki, na visiki vyenyewe watu walikuwa wakivichimbua.

Ndani ya nyumba yangu kulikuwa na kitanda cha watoto. Kilitengenezwa kwa mbao nzuri, kavu kabisa. Nilikiangalia siku mbili. Siku ya tatu nikachukua shoka.

Nitasema ukweli: kiliwaka vizuri. Mbao za kulalia zilinipa asubuhi nne za maharage bila moshi mwingi. Asubuhi ya tano nilikuwa nimeanza na mguu mmoja wa kitanda niliposikia mtu nyuma yangu. Koko alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa hajawahi kuingia nyumbani kwangu kabla ya hapo.

“Ni nini ile unapasua?”

“Mbao tu, Koko.”

Akasogea, akaangalia sakafuni. “Kitanda ya batoto.”

“Iko kavu,” nikasema.

“Ni kweli, iko kavu. Na batoto bakirudi, utabalalisha juu ya maharagi?”

Nikaangalia vipande sakafuni. Nililia mbele yake, nikiwa na shoka mkononi, kwa mara ya kwanza tangu boti ile iondoke. Hakunibembeleza wala hakugeuza uso. Aliketi juu ya mkeka, akangoja kama mtu anayengoja mvua ipungue. Nilipomaliza akasema, “Lete jembe.”

Tulikwenda nyuma ya kanisa, penye kichuguu kikubwa. Akanionyesha udongo wa kuchukua, ule wa ndani ambao mchwa wameutafuna ukawa laini. Nyumbani tuliuchanganya na majivu na majani makavu yaliyokatwa vipande vidogo. Nikavua viatu, nikaukanyaga mpaka ukashikana. Tulisogeza mafiga yale matatu yakakaribiana, Koko akajenga ukuta wa udongo kuyazunguka, akaacha mdomo mmoja mbele, wa kutosha ngumi yangu. Juu akaweka sufuria ndogo niliyobakiwa nayo na kuizungusha mpaka ikapata mahali pake, imekaa chini, imezungukwa, na nafasi ndogo tu ya kupitisha moto ubavuni.

Jiko lile la kwanza lilipasuka kwa sababu niliharakisha kulikausha kwa moto. Koko akauangalia ufa wake na kusema, “We ni mwalimu. Mutoto wa darasa ya kwanza unamufundisha kugawanya siku ya kwanza?” Tukajenga lingine, nene zaidi, na safari hii tukalingoja likauke lenyewe. Siku hizo zote nilikula muhogo mbichi na ndagala, dagaa wakavu wa ziwani.

Jiko lilipokuwa tayari akanifundisha kupika, na alikuwa mkali kuliko mwalimu yeyote niliyemjua. Maharage yalowe tangu jana asubuhi. Muhogo ukatwe vipande vidogo. Kuni ziwe nyembamba kama kidole, kavu, mbili au tatu tu, zisukumwe kidogo kidogo kadiri zinavyoungua. Mfuniko uwekewe jiwe. Nilipotaka kuongeza kuni alinipiga mkononi na kijiko cha mti.

“Moto mukubwa inakula kuni,” akasema. “Haipike maharagi.”

Moto tuliwasha alfajiri, wakati ukungu wa ziwa ungali chini na hata moshi ule mdogo uliotoka ulipotea ndani yake. Sufuria ikichemka kwa muda wa kusali rozari moja, kuni tulizichomoa na kuzizima mchangani, zitumike tena kesho. Hapo ndipo nilipodhani anatania. Maharage yalikuwa hayajaiva, na yeye anazima moto.

“Uko na kikapo?” akaniuliza. Nilikuwa na kikapu kikubwa cha kubebea muhogo. Akakijaza majani makavu ya migomba, akaacha shimo katikati. “Sasa lete kitambaa ya kizito.”

Kizito kuliko vyote nyumbani kilikuwa kikwembe cha mke wangu, kile kitenge chake cha kujifunga. Alikifua usiku wa mwisho na kukiacha kwenye kamba, kwa sababu nguo mbichi ni nzito kubeba. Nilikuwa sijakigusa ila kukitoa kambani na kukikunja. Nilisita, Koko akaona nasita. Nikampa. Akaifunga sufuria nacho kama anavyofungwa mtoto mgongoni, akaiweka ndani ya kikapu, akaifunika majani mengine na mto wa zamani.

“Sasa sufuria ni kuku,” akasema. “Iko inalalia mayai. Usifunue. Ukifunua kila saa, mayai itaoza.”

Nilifunua. Mara tatu siku ile, na tulikula maharage magumu, yeye akitafuna upande wa meno aliyobaki nayo bila kunilaumu. Siku ya pili nilikwenda kukaa barazani nikiwa nimekalia mikono yangu. Saa nne akaja, tukafunua. Mvuke ulitoka. Nikabonyeza haragwe moja kwa vidole likasagika. Sijui kama kuna siku darasani nilifurahi hivyo.

Tangu hapo ukawa moto mmoja kwa nyumba mbili. Mimi nilitafuta cha kuchoma: vijiti ambavyo ziwa lilitupa ufukoni baada ya mawimbi, magunzi ya mahindi, vifuu vya ngazi, matunda ya mchikichi, na makapi yanayobaki baada ya kukamua mawese. Kina mama waliponiona napita na kapu la makapi kichwani walicheka, na mmoja akaniuliza kama nimeolewa. Baadaye waliacha kucheka, wakaniuliza nayaokota wapi.

Kupika kulikuwa kwa pamoja, lakini kula hapana. Nilimpakulia Koko sahani yake, nikaipitisha kwenye pengo la uzio, naye akaketi upande wake, mimi wangu. Ndivyo heshima ilivyotaka, mwanaume na mjane. Nilimsikia akitafuna. Mara nyingine alisema kitu kuhusu Kilembwe, ambako alikulia. Huko mama yake alipika asubuhi mapema, akaacha chungu ndani ya kikapu nyumbani, familia nzima ikaenda shambani na kurudi kukuta chakula kimeiva. Koko mwenyewe alikuwa na vijana wawili waliokwenda msituni kupigana, na hakuwataja kwa zaidi ya neno moja au mawili. Niliposema ya mke wangu alijibu “Mm.” Tulikuwa watu wawili wenye upweke wa aina moja na uzio katikati, lakini kusikia tu mtu akilamba kijiko upande wa pili kulinitosha mpaka kesho.

Mara moja, katika miaka ile, mchuuzi wa samaki aliyevuka kwa siri aliniletea karatasi. Ulikuwa mwandiko wa mwanangu mkubwa. *Tuko kambini. Tuko wazima. Tunasoma. Mama anasalimia.* Niliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Sikuona mahali palipoandikwa nije, wala mahali palipoulizwa kwa nini sijaja.

Koko alikufa wakati wa kiangazi. Asubuhi ile niliwasha moto kama kawaida, nikachemsha, nikafunga sufuria kikapuni. Saa nne nilimwita kwenye pengo la uzio. Nikaita tena. Nilimkuta kitandani mwake amelala ubavu, mkono chini ya shavu, ameshakuwa baridi.

Vita haimpi mtu muda wa msiba. Tulimzika siku hiyohiyo, mimi, katekista, na kina mama watano au sita. Mmoja wa kina mama hao alianzisha wimbo na wengine wakamfuata kwa sauti ya chini, kwa sababu hakuna aliyetaka kusikika mbali. Nilirudi jua likiwa linashuka. Nikaketi jikoni, nikaona kikapu. Nilikuwa nimekisahau. Nilipofungua, sufuria ilikuwa bado vuguvugu, na maharage yalikuwa yameiva kuliko siku zote, laini kabisa, kama alivyoyapenda kwa ajili ya meno yake. Nilikula yote, yangu na yake. Chakula hakikutupwa wakati ule.

Baada ya hapo niligundua jambo ambalo hakunifundisha, labda kwa sababu hakutaka nilijue mapema. Chakula cha mtu mmoja kinapoa haraka. Nilipunguza maharage, nikaweka kikombe kimoja badala ya viwili, na saa nne nikakuta sufuria imepoa na maharage hayajaiva. Nikaongeza majani, nikaongeza magunia, haikusaidia. Sufuria inahitaji kujaa ndipo ishike joto lake. Basi nikawa napika ya wawili, nakula nusu asubuhi na nusu jioni, kwa miaka miwili na zaidi, bila kusikia mtu akitafuna.

Vita ilipotulia, shirika moja lilifika Baraka na gari jeupe, likatuita penye kivuli cha kanisa kutufundisha majiko ya udongo. Kijana aliyetumwa alikuwa mpole. Alitundika picha ya mlima wenye miti na picha ya mlima mtupu, akasema kila jiko la mafiga matatu linakula msitu. Nikainua mkono, nikamwambia kwamba mimi ninalo tayari. Akaja kuliona. Alipima mdomo wake kwa rula, akachungulia ndani, akashika kikapu na kukinusa.

“Papa, nani aliwatengenezea hii?”

“Jirani.”

“Naweza kuongea naye?”

Nikamwonyesha kwa kidole upande wa makaburi. Akafunga daftari lake. Kisha akaniuliza kama tulifanya hivyo ili kuhifadhi msitu. Nikamwambia hapana, tulifanya hivyo ili tusionekane. Lakini alipoondoka nilisimama nikaangalia milima juu ya mji, ilivyo mitupu kama kichwa kilichonyolewa. Nikajaribu kufikiri ni mizigo mingapi ya kuni ambayo mimi na Koko hatukuiteremsha huko. Nilitamani ningekuwa na mtu wa kumwambia. Nikaanza kwenda nyumba kwa nyumba kuwajengea watu, wajane kwanza. Kazi hiyo ilinipa mahali pa kwenda mchana.

Kisha boti za wakimbizi zikaanza kurudi kutoka Kigoma. Kila iliposikika kuna boti nilikwenda ufukoni, nikasimama nyuma ya watu. Siku wangu walipofika sikuwatambua. Mke wangu ndiye aliyenijia. Alikuwa amekonda na kuvaa miwani. Pembeni yake alisimama msichana wa miaka saba. Wavulana walikuwa wamebaki ng’ambo, mmoja kazini, mwingine shuleni.

“Shikamoo, mwalimu,” msichana akaniambia, kwa Kiswahili safi cha kule. Alikuwa amesikia watu ufukoni wakiniita hivyo. Nikaitikia marahaba.

Kesho yake niliamka alfajiri kama nilivyozoea, nikawasha moto. Nilipogeuka, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko ananitazama nikisukuma kijiti.

“Toka, nipike,” akasema.

“Imeshachemka. Inabaki kungoja tu.”

Akainama, akalishika jiko kwa kiganja. “Kambini tulijenga hivi hivi,” akasema. “Ukienda kukata kuni porini, benyeji banakupiga. Tulijifunza.” Aliniangalia nikifunga sufuria, akakitambua kikwembe chake kilivyochakaa na kuwa na madoa ya mawese. Hakukitaja. Badala yake akaniuliza sababu, “Juu ya nini haukuvuka?”

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi kwa miaka saba: nyumba, shule, jeshi. Nikasema, “Niliogopa maji.”

“Nilijua,” akasema. “Wakati ulinipa mutoto ulikuwa unaangalia maji tu. Nilikuwa nangoja tu uandike.”

“Ningeandika nini?”

“Iyo iyo.”

Akatoka nje kufagia uwanja, na alifagia muda mrefu, mpaka udongo mwekundu ukaonekana.

Saa nne nilifunua kikapu nikapakua sahani tatu. Binti yetu alikula kimya, kisha akamgeukia mama yake. “Mama, mbona maharage haya hayanuki moshi?”

“Muulize mwenyewe, ndiye aliyepika.”

Akaniangalia kwa aibu, akaniuliza. Nikaanza kumweleza, tangu kichuguu cha nyuma ya kanisa, polepole kama ninavyoeleza darasani, naye akasikiliza huku mashavu yamejaa. Nilikuwa bado naeleza mke wangu alipochukua sahani yake na kwenda kula nje, peke yake, mgongo ukituelekea. Alifanya hivyo siku ya pili pia, na majuma yote yaliyofuata. Sikumwita. Mvua zilipoanza, uwanja ukajaa maji, akaingia na sahani yake, akaketi nasi.